Macho ya Ottmar Leitl

Ottmar Leitl aliendesha mabasi ya watalii kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote kiumbe aliyewahi kumgonga ni mmoja tu: paa aliyechomoka msituni karibu na Passau alfajiri moja ya ukungu. Paa yule alimnyima raha wiki nzima. Gerlinde, mkewe, alimwambia, "Wewe unamlilia mnyama kana kwamba ulisoma naye," naye akajibu kwamba halii, anajiuliza tu kwa nini hakumwona mapema. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kila akiegesha basi alilizunguka mara mbili, akapiga magurudumu teke moja moja, akafuta vioo kwa kitambaa chake mwenyewe ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Alikuwa mtu wa Straubing, kwenye tambarare ya mto Danube, ambako mtu akipanda juu ya tela la viazi anaona minara ya makanisa matano. Milima kwake ilikuwa mahali pa kazi. Kila kiangazi aliwapeleka watu huko, siku tatu, siku nne, wakapige picha ngome na maziwa, wanywe bia kwenye vibanda vya juu, warudi wamebabuka pua. Alizijua kona za milima ile kama mwanakwaya anavyozijua nyimbo za Krismasi.

Februari ya mwaka alipotimiza sitini na mbili, alikuwa ameketi jikoni akisoma gazeti. Akanywa kahawa, akakirudisha kikombe mezani upande wake wa kushoto, akakiachia. Kikombe kikaanguka chini kikavunjika. Alikuwa amekiweka hewani. Meza iliishia karibu zaidi kuliko alivyodhani. Alicheka, akafagia vigae, na Gerlinde hakuwepo. Wiki ile ile akagonga kipaji cha uso kwenye mlango wa kabati uliokuwa wazi. Halafu akamkanyaga paka wa jirani, na Ottmar anaapa mpaka leo kwamba paka yule hakuwepo pale.

Alikwenda Regensburg kwa daktari wa macho, mji mzima mbali na watu wanaomjua. Wakamwekea kidevu kwenye mashine, wakampa kitufe mkononi: kila ukiona kinukta cha mwanga, bonyeza. Ottmar akabonyeza, akabonyeza, kisha vinukta vikaacha kuja. Akangoja. Mwishowe akasema, "Daktari, nadhani mashine yako imekwama."

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, hakucheka. "Haijakwama, Bwana Leitl. Vinukta bado vinakuja."

Akamweleza. Ni presha ya macho. Imekuwa ikila uwezo wake wa kuona kimyakimya, kutoka pembeni kuja ndani, na upande wa kushoto imekula zaidi. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, italinda kilichobaki.

"Unafanya kazi gani?" daktari akauliza akiandika.

Ottmar akamtazama. "Bustani," akasema. "Natunza bustani za watu."

"Afadhali. Maana ungekuwa dereva ningekwambia uache leo hii, hata nyumbani urudi kwa treni."

Akarudi nyumbani akiendesha.

Chupa ya matone aliificha kwenye mkoba wake wa kunyolea ndevu. Leseni yake ya basi ilitakiwa kufanywa upya Oktoba, na macho yangepimwa hapo. Basi, akajiambia, Oktoba wataniondoa kwa heshima, nitakuwa nimemaliza kiangazi changu cha mwisho. Hakuona kama huo ni uongo. Alijiona kama mtu anayemalizia kuvuna kabla hajauza shamba. Akajifunza kugeuza shingo: kushoto, kulia, kushoto tena, akikusanya barabara vipande vipande na kuiunganisha kichwani. Machi akaendesha hivyo, Aprili, Mei, Juni. Hakuna kilichotokea. Na jambo lisipotokea kwa muda mrefu, mtu huanza kuamini kwamba ni kwa ustadi wake.

Julai akapangiwa safari ya siku tatu: wastaafu wa kiwanda kimoja cha matofali, watu arobaini na mmoja, kwenda milima ya Allgäu. Kiongozi wa safari alikuwa Roswitha Hagn, ambaye alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na tisa na ambaye aliweza kusimulia habari za ngome ya mfalme huku akimenya yai. Kiti cha mbele kabisa, ng'ambo ya ujia kutoka kwa dereva, alikalia Ludwig Brandl. Yeye hakuwa mtu wa matofali. Mkewe ndiye aliyekuwa karani kiwandani. Brandl alikuwa dereva wa treni, mstaafu, mwenye masikio makubwa na mdomo usiopumzika.

"Bwana Leitl," alisema kabla hawajafika hata Landshut, "hiyo shingo umeitia mafuta? Unaigeuzageuza kama kuku aliyesikia mwewe."

"Wanawake wazuri wamejaa kila upande," Ottmar akajibu. "Wewe ungetazama wapi?"

Basi zima likaangua kicheko. Bi Kreszenz Auer, mzee wa miaka themanini na moja, akapaza sauti kutoka kiti cha tatu: "Tazama barabara, kijana! Sisi tutakungoja!" Na walipopumzika alimletea kipande cha keki ya plamu aliyoioka mwenyewe, akasimama pale mpaka alipokimaliza.

Huko Füssen abiria walishuka kwenda kutazama ngome. Ottmar alipokuwa akiligeuza basi mahali pa kuegesha, kioo chake cha kushoto kiligonga nguzo, kikajikunja kwa mlio kama wa mfupa unaovunjika. Roswitha alikuwa nje akihesabu watu. Akaja mbio.

"Umechoka?"

"Nguzo hii haikuwepo mwaka jana."

"Ottmar, nguzo hii ina kutu kuliko mimi."

Akarudisha kioo mahali pake, akakifuta kwa kitambaa chake, akakifuta tena. Brandl alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, hasemi kitu. Kwa mtu yule, kunyamaza kulikuwa habari mbaya.

Jioni, kabla ya chakula, katika nyumba ya wageni waliyofikia huko Pfronten, Brandl alimfuata kwenye benchi la ukutani. Jua lilikuwa bado juu ya vilele, na ng'ombe waliteremka wakigonga kengele zao.

"Nimeendesha treni miaka thelathini na nane," Brandl alisema akikaa. "Kwetu kila baada ya muda walitupima macho. Nilikuwa na mwenzangu, Sepp, alijua kuzikariri zile herufi za ukutani. Tulimtania, tukamfichia. Unajua nataka kusema nini."

"Sijui."

"Unajua."

Ottmar akawaka kwa hasira. "Wewe umekuja kula soseji na kutazama milima, Bwana Brandl. Tazama milima. Basi niachie mimi."

"Hilo ndilo linalonitisha." Brandl akasimama, akapangusa suruali. "Mpigie simu bosi wako asubuhi. Mwambie mgongo unauma, mwambie lolote. Mtu mwingine aje."

"Na nisipopiga?"

"Basi nitakaa palepale mbele," akasema Brandl. "Macho yangu yangali mazuri."

Brandl hakumwambia Roswitha, hakumwambia mkewe. Baadaye, alipoulizwa, alisema kwamba alimwonea haya. Mtu mzima hamnyang'anyi mtu mzima usukani mbele ya wanawake. Na Ottmar naye asubuhi hakupiga simu. Aliishika simu, akaona bado ni mapema, akatia matone, akaenda kunywa kahawa.

Siku ya pili ilianza vizuri. Abiria walipandishwa mlimani kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, wakarudi wakigombana kwa furaha nani alifumba macho. Wakala mchana Oberjoch, kijiji kilicho juu kabisa, na saa tisa wakaanza kuteremka kwenda Bad Hindelang. Barabara ile ina kona mia na ushee. Imejikunja mlimani kama utumbo wa mbuzi. Roswitha akachukua kipaza sauti.

"Wapendwa, atakayehesabu kona zote bila kukosea, bia yake leo kwa Bwana Leitl!"

Wakaanza kuhesabu kwa sauti, watu arobaini, kama watoto wa darasa la kwanza. Thelathini na moja! Thelathini na mbili! Jua lilikuwa limeanza kuinamia magharibi, likiingia kiooni kwenye kona moja na kutoka kwenye kona nyingine. Brandl peke yake hakuhesabu. Alikuwa ameshika chuma cha mbele kwa mikono miwili.

Kwenye kona kali ya kulia, basi refu haliwezi kukata mara moja. Dereva hulazimika kulisogeza kwanza kushoto, kwenye njia ya wanaopanda, ndipo aligeuze. Ottmar alikuwa amefanya hivyo maelfu ya mara. Aligeuza shingo kushoto, akatazama barabara ya chini. Ilikuwa tupu. Akaanza kusogea.

"Leitl! Kushoto! Kushoto!"

Mguu wake ulikanyaga breki kabla akili haijaelewa. Mikoba ikaruka kutoka juu, mtu akapiga yowe, na kupitia kioo akaona, kwa mara ya kwanza, kofia ngumu nyekundu ya mwendesha baiskeli ikitoweka chini ya pua ya basi.

Hakumponda. Lazima lisemwe haraka, kwa sababu Ottmar mwenyewe aliishi karibu nusu dakika bila kujua. Mwanamke yule alikuwa amejitupa kwenye mfereji wa kando baiskeli na vyote. Ottmar alipomfikia, alikuwa ameketi kwenye majani, uso mweupe, ameushika mkono wake wa kulia ambao ulipinda mahali usipopaswa kupinda.

"Nilikuwa mbele yako," alisema. Hakupiga kelele. "Nilikuwa mbele yako kabisa. Ulinitazama."

Jina lake lilikuwa Franziska Wucherer, miaka thelathini na minane, mtengenezaji wa jibini katika kijiji cha jirani. Roswitha alimfunika kwa koti lake, akampa maji, akampigia mumewe simu. Gari la wagonjwa likaja likamchukua. Kisha wakaja polisi wawili kutoka Sonthofen, na mkubwa wao, mwanamke mrefu mwenye daftari, akamwita Ottmar kando ya basi.

"Hukumwona?"

Kabla hajajibu, Roswitha alishaingia kati. "Ni jua, afande. Limempiga usoni ghafla. Mimi mwenyewe niliziba macho."

"Kweli kabisa," akasema Bi Kreszenz, aliyekuwa ameteremka kwa fimbo yake. "Sote tulipofuka. Dereva huyu ni mtu mwangalifu, afande, nimepanda naye Milima ya Msitu Mweusi, nimepanda naye mpaka Tirol!"

Wengine wakaitikia. Jua, jua. Hawakuwa wakidanganya, kwa kadiri walivyojua. Walikuwa wakimtetea mtu wao. Afande akainua uso, akalitazama jua, nalo kweli lilikuwa pale. Akaandika.

"Ni hivyo, Bwana Leitl?"

"Lilikuwa kali," Ottmar akasema.

Akajisikia akilisema neno hilo. Sauti ilitoka nyepesi tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Afande akampima pombe, akapima alama za magurudumu, akamwambia atapokea barua, kwa sasa anaweza kuendelea lakini polepole. Abiria wakarudi vitini. Alipopanda, wakampigia makofi. Mtu wa nyuma akasema, "Pole, Ottmar! Mungu mkubwa!" Bi Kreszenz akamgusa bega alipopita.

Brandl hakupiga makofi. Alikuwa amegeukia dirisha.

Ottmar akawasha injini. Mbele yake zilibaki kona sitini. Akageuza shingo kushoto kutafuta afande amesimama wapi, asije akamgonga. Hakumwona. Akajua yupo, maana alisikia redio yake ikikoroma, lakini mahali alipopaswa kuwa palikuwa na barabara tu, majani na mwanga wa mchana, picha nzima isiyo na tundu hata moja. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kwamba hakuona giza. Macho yake yalikuwa yakimjazia pengo kwa uongo.

Akazima injini. Akachomoa ufunguo.

"Kuna nini tena?" Roswitha akauliza.

Hakumjibu. Akashuka, akamfuata afande, akampa ufunguo mkononi.

"Si jua," akasema. "Sioni upande wa kushoto. Tangu Februari najua. Daktari aliniambia."

Afande akafungua tena daftari. "Unaelewa unachoniambia?"

"Naelewa."

"Basi usiseme zaidi sasa. Kaa pale kwenye kivuli."

Roswitha alikuwa mlangoni, na habari ikapita ndani ya basi kiti kwa kiti. Halafu yule mtu wa nyuma aliyesema Mungu mkubwa akashuka, uso umemwiva. "Mke wangu yumo humo! Wajukuu zangu wanaye bibi mmoja tu! Siku mbili umetubeba kipofu?"

Ottmar akasimama mbele yake, mikono chini.

"Jibu!"

"Ndiyo," akasema. "Siku mbili. Na wengine kabla yenu."

Bi Kreszenz hakumtukana. Alimpita akienda kukaa kwenye jiwe kivulini, na alipomfikia akasema kwa sauti ndogo, bila kusimama, "Na mimi nikamwambia afande uongo kwa ajili yako. Kwa umri huu." Maneno hayo Ottmar aliyabeba muda mrefu kuliko matusi yote.

Wakangoja kwa muda wa karibu saa tatu hadi dereva mwingine alipokuja kutoka Kempten. Basi likaondoka bila yeye. Brandl ndiye aliyebaki dakika moja mlangoni. "Ningeweza kukuzuia jana," alisema. "Nilikaa mbele kama mjinga, nikidhani nitakuwa jicho lako." Ottmar akataka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeokoa maisha ya yule mwanamke, lakini mlango ukafungwa.

Polisi wakampeleka Sonthofen, wakaandika maelezo yake, wakaichukua leseni. Akampigia Gerlinde simu akiwa kwenye benchi la stesheni. Alimsimulia yote bila kupumzika.

"Kile kikombe cha bluu," Gerlinde akasema. "Ulisema kilikuteleza."

"Ndiyo."

"Na mimi umekuwa ukinipeleka sokoni kila Jumamosi. Na dada yangu ukampeleka hospitali."

"Ndiyo."

"Panda treni," akasema, akakata.

Hasira ya Gerlinde ilidumu mpaka theluji ya kwanza. Haikuwa hasira ya kelele. Alimpikia, alimfulia, alimkumbusha matone, lakini alizungumza naye kama karani wa dirishani. Macho alikwisha kuyasamehe siku ile ile. Ugonjwa ni ugonjwa. Ile miezi mitano ya kulala kitanda kimoja na mtu mwenye siri ndiyo ilimshinda. Kampuni ndogo ya mabasi aliyoifanyia kazi ilipoteza wateja, na mwenye kampuni, aliyekuwa rafiki yake, akaacha kumsalimu kanisani. Mahakama ikamtia hatiani, ikamtoza faini, na leseni haikurudi tena, hata ya gari dogo. Roswitha alimtumia kadi yenye maneno mawili: Ungeniambia.

Novemba, Ottmar na mkewe walipanda treni kwenda kumwona Franziska Wucherer. Alikuwa amemwandikia barua mara mbili bila kujibiwa. Franziska alifungua mlango, akawatazama, hakuwakaribisha ndani. Mkono ulikuwa umeungwa kwa vyuma, lakini kifundo cha mkono hakikukunjika tena sawasawa. Mabonge ya jibini makubwa kama magurudumu sasa aliyageuza shemeji yake.

"Nimekuja kuomba radhi," Ottmar akasema.

"Umeshaomba, kwa barua." Akashika kitasa cha mlango. "Sijui unataka nikwambie nini, Bwana Leitl. Kwamba si neno? Ni neno. Kila asubuhi ni neno."

"Najua."

"Hujui. Lakini nitakwambia kitu kimoja kisha mwende, maana maziwa yako motoni. Nilipolala hospitali jioni ile, nilidhani kosa ni langu. Nilidhani nilikaa katikati mwa barabara. Kisha polisi wakaja wakaniambia ulichosema. Nililala usingizi."

Akafunga mlango, taratibu. Walishuka kijijini, Ottmar akikanyaga kwa uangalifu kwa sababu njia ilikuwa na barafu. Penye ngazi za stesheni Gerlinde alihama, akamzunguka kwa nyuma, akamshika mkono upande wa kushoto.

Siku hizi wanaishi hivyo. Macho hayajazidi kuharibika sana. Matone yanafanya kazi yake. Asubuhi, kabla ya kahawa, Gerlinde humwuliza, "Leo unaona wapi mpaka wapi?" Naye hunyoosha mikono miwili mbele yake juu ya meza, huitanua polepole mpaka kidole cha kushoto kipotee, na husema: "Mpaka hapa." Siku nyingine, kwa mazoea mabaya, huitanua kupita pale kidogo. Gerlinde hulijua hilo mara moja. Huishikilia kahawa mkononi, akingoja aurudishe mkono.